Kutafuta Asili Nairobi: Jinsi ya Kuitembelea Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa

Mwongozo kwa wakazi wa Kaunti ya Kilifi wanaotaka kujua yaliyoandikwa kuhusu jamaa zao, vijiji vyao na ardhi yao

Karibu kila Mkenya aliyewahi kufika katikati ya jiji la Nairobi analijua jengo la mawe lenye nguzo lililo kati ya barabara za Moi Avenue na Tom Mboya. Watu huambiana kwa simu, "Tukutane Archives," husimama nje wakingoja wenzao, na wakishaonana huenda zao. Wengi wamefanya hivyo kwa miaka mingi bila kuingia ndani hata siku moja.

Ndani ya jengo hilo ndimo yalimo makao ya Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa. Humo mmehifadhiwa ripoti, barua, ramani na mafaili ya maafisa waliotawala Pwani tangu enzi za ukoloni. Rabai, Takaungu, Malindi na Kaloleni zimetajwa humo, pamoja na wazee waliotozwa kodi, vijana waliochukuliwa kubeba mizigo vitani na familia zilizohamishwa kutoka mashamba yao. Mkazi yeyote wa kaunti hii ana haki ya kwenda kuyasoma. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Nyaraka za Umma, Sura ya 19, inafungua nyaraka nyingi za umma kwa wasomaji zinapotimiza miaka 30.

Hata hivyo, wapo wanaosafiri mpaka Nairobi na kurudi mikono mitupu. Mara nyingi sababu si kwamba faili halipo. Msafiri hakujua jina la zamani la kijiji chake, au hakujua babu yake aliandikwa kwa jina gani. Maswali hayo majibu yake yako nyumbani, kwa wazee, na wazee hawatakuwepo siku zote. Kwa hiyo safari ya Nairobi huanzia kijijini.

Msafiri wa urithi ni nani?

Mtalii wa kawaida huja Watamu au Malindi kwa ajili ya bahari. Msafiri wa urithi husafiri kutafuta alikotoka yeye na watu wake. Anaweza kuwa mwanafunzi wa chuo anayeandika historia ya kata yake, mzee anayetaka kujua baba yake alipotelea wapi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, au kijana aliyezaliwa Oman ambaye nyanya yake alitoka Takaungu.

Inafaa pia kutofautisha makumbusho na hifadhi ya nyaraka. Makumbusho huonyesha vitu na mtu huvitazama akipita. Katika hifadhi ya nyaraka mtu huketi mezani, akaomba faili kwa namba yake, akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Kazi hiyo huchukua siku nzima, na wakati mwingine siku kadhaa.

Jengo lenyewe

Jengo lilijengwa mwaka 1906, na kabla ya kuwa hifadhi lilikuwa benki. Idara yenyewe ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, miaka miwili baada ya uhuru.

Ghorofa ya chini kuna jumba la maonyesho lenye jina la Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya mwaka 1966. Murumbi, ambaye baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmaasai, alikusanya kazi za sanaa, nguo, mapambo, stempu na maelfu ya vitabu kutoka pande zote za Afrika. Sehemu kubwa ya mkusanyiko wake ilipitia mikononi mwa serikali, na mgeni anaweza kuitazama hata kama hana nia ya kusoma faili.

Mbele ya jengo, upande wa Moi Avenue, kuna sanamu ya Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi karibu na hapo tarehe 5 Julai 1969.

Maandalizi ya nyumbani

Kabla ya kukata tikiti, msafiri aketi na wazee wa ukoo akiwa na daftari. Kuna mambo matatu ya kuuliza.

Kwanza, majina. Miongoni mwa Wamijikenda, mtoto hupewa jina la babu au nyanya, kwa hiyo majina hurudi kila baada ya kizazi. Kama kulikuwa na Charo wa Kazungu, huenda mjukuu wake naye ni Charo wa Kazungu. Anayekwenda na majina mawili pekee anaweza kusoma habari za mtu mwingine akidhani ni za babu yake. Aandike pia mbari, rika, jina la utani, na jina la ubatizo au la Kiislamu kama lilikuwepo.

Pili, mahali. Mafaili yalipangwa kwa mkoa, wilaya na lokesheni, si kwa ukoo. Msafiri aulize kijiji kilikuwa karibu na mto gani au kaya gani, na chifu au mzee wa kijiji wa wakati huo alikuwa nani. Jina la chifu ni msaada mkubwa, kwa sababu maafisa waliandika zaidi kuhusu machifu kuliko kuhusu raia wa kawaida.

Tatu, wakati. Wazee wengi hawahesabu kwa mwaka, bali kwa tukio. Mzee akisema babu alizaliwa wakati wa njaa ya Magunia, anazungumzia mwishoni mwa karne ya 19, wakati chakula cha msaada kilipoletwa kwa magunia. Akisema alichukuliwa wakati wa Kariakoo, anazungumzia wapagazi wa jeshi la Uingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Akizungumzia kipande, ni baada ya vita hivyo, wakati kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alipolazimishwa kubeba cheti chenye alama za vidole vyake. Kila tukio la namna hii hupunguza idadi ya mafaili ya kupekua.

Majina yaliyobadilika

Hapa ndipo wengi hukwama. Anayetafuta neno "Kilifi" au "Mijikenda" katika karatasi za mwaka 1910 anaweza kudhani watu wake hawakuandikwa kabisa. Msafiri aende na orodha hii:

• Kenya. Kabla ya mwaka 1920 nchi iliitwa East Africa Protectorate. Mwaka huo bara likawa Koloni la Kenya, na ukanda wa Pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar ukaitwa Protectorate ya Kenya.

• Mkoa wa Pwani. Katika miaka ya mwanzo uliitwa Seyidie, na jina hilo huandikwa kwa tahajia zaidi ya moja.

• Wamijikenda. Jina hili lilienea katika miaka ya 1940. Kabla ya hapo maafisa na wamishonari waliandika "Nyika" au "Wanyika", jina ambalo wenyewe hawakulipenda. Kwa kutafuta habari, ni lazima lijaribiwe.

• Wagiriama. Huandikwa Giriama, Giryama au Agiryama.

• Kilifi. Katika karatasi za mwanzo, majina ya Takaungu, Malindi na Rabai hujitokeza sana. Anayetafuta eneo lolote la kaunti hii ajaribu yote matatu.

Majina ya watu nayo yaliandikwa jinsi afisa wa Kiingereza alivyoyasikia. Msafiri asome jina kwa sauti kabla ya kukata tamaa, kwani lisilofanana kwa macho huenda likafanana kwa sikio.

Safari na siku ya kwanza

Idara hii ina ofisi za kanda nje ya Nairobi, na mojawapo iko Mombasa. Mkazi wa Kilifi anashauriwa kuuliza huko kwanza, maana huenda anachokitafuta kiko karibu. Ikibidi kwenda makao makuu, kuna mabasi, na kuna treni ya Madaraka Express kutoka Miritini hadi Syokimau. Kutoka Syokimau kuna treni ya kuunganisha hadi stesheni kuu ya jiji. Kutoka hapo msafiri huvuka barabara ya Haile Selassie, akapita bustani ya kumbukumbu ya shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998, akaifuata Moi Avenue kwa miguu hadi kwenye jengo.

Utaratibu wa ndani ni huu:

1. Msafiri afike siku ya kazi, asubuhi, akiwa na kitambulisho cha kitaifa. Athibitishe saa za kazi na ada kwa idara yenyewe kabla ya kusafiri, kwa kuwa hubadilika.

2. Ajiandikishe kama msomaji. Mgeni asiye raia anayefanya utafiti huhitaji kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayosimamia sayansi na utafiti. Jamaa walio ng'ambo wenye uraia wa nchi nyingine waanze kukishughulikia mapema.

3. Aache mkoba, chakula na maji nje ya chumba cha kusomea. Aandike kwa penseli, kwa sababu wino ukimwagika kwenye karatasi ya miaka 100 hautoki.

4. Amweleze mhudumu anachotafuta kwa maneno machache: mahali, miaka na mada. Mhudumu atamwonyesha orodha za mafaili.

5. Anakili namba kamili ya faili, ajaze fomu ya kuliomba, na asubiri liletwe.

6. Aulize kabla ya kupiga picha kwa simu. Nakala hutolewa kwa utaratibu wa idara.

Mafaili ya kuanza nayo

Kila faili lina alama inayoonyesha lilitoka ofisi gani. Herufi PC ni za ofisi ya Mkuu wa Mkoa, na DC ni za Mkuu wa Wilaya. Kwa mfano, PC/COAST ni mafaili ya Mkuu wa Mkoa wa Pwani, na kwa mtu wa Kilifi huo ni mwanzo mzuri.

Kwa anayeanza, aina tatu za karatasi zina faida zaidi. Ripoti za mwaka hueleza hali ya wilaya: mvua, njaa, kodi, magonjwa, barabara na shule. Vitabu vya kumbukumbu za wilaya hukusanya mambo ya miaka mingi mahali pamoja, kama vile mila, mipaka na orodha za machifu. Ripoti za makabidhiano ziliandikwa na afisa aliyekuwa akihama kwa ajili ya yule aliyempokea. Humo afisa alisema wazi chifu gani anaaminika, nani anagombana na nani, na kesi gani ya ardhi haijaisha. Mambo ambayo hakuyaweka katika ripoti ya kupelekwa juu, mara nyingi aliyaweka humo.

Jinsi ya kusoma: mfano wa Mekatilili

Karatasi hizi ziliandikwa na mtawala, kwa lugha yake na kwa haja zake. Anayezisoma bila kukumbuka hilo anaweza kurudi nyumbani akiwa amebeba matusi ya watu wengine dhidi ya babu zake.

Chukua habari za Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 aliwaongoza Wagiriama kukataa kodi na kazi za kulazimishwa. Afisa aliyekuwa akiwasimamia, Arthur Champion, aliandika ripoti kwa wakubwa wake. Katika macho ya serikali, Mekatilili alikuwa mchochezi aliyewatia watu hofu kwa viapo. Vijijini, wazee husimulia habari za mwanamke aliyeleta kuku na vifaranga vyake mbele ya afisa, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Kuku alipomdonoa, Mekatilili akawaambia watu kwamba hivyo ndivyo itakavyokuwa wakijaribu kuchukua wana wao.

Msomaji hana haja ya kuchagua upande mmoja na kuutupa mwingine. Karatasi humpa vitu ambavyo simulizi haina: tarehe, majina ya maafisa, amri zilizotolewa. Kwazo tunajua kwamba Mekatilili na mwenzake Wanje wa Mwadorikola walikamatwa Oktoba 1913 na kupelekwa Kisii, na kwamba walitoroka Januari 1914 wakarudi Pwani. Tunajua pia kwamba Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti Agosti 1914, na kwamba Wagiriama waliokuwa wakiishi ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki waliamriwa kuhama. Simulizi nayo hueleza kwa nini mtu alikuwa tayari kutembea mamia ya kilomita kurudi kwenye vita ambavyo angeweza kuvikimbia.

Viapo vyenyewe ni mfano mwingine. Faili linapotaja kiapo cha wanawake cha mukushekushe na kile cha wanaume cha fisi kama ushirikina, mzee wa kaya anaweza kueleza kilikuwa kikifungwa kwa ajili gani na nani alikuwa na haki ya kukifungua. Kwa hiyo ukurasa ulionakiliwa Nairobi unastahili kusomwa tena kijijini, mbele ya mtu anayejua.

Karatasi na ardhi

Kwa wakazi wengi wa Kilifi, swali la asili halitengani na swali la ardhi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Hatimiliki za Ardhi. Waliodai ardhi katika ukanda wa Pwani walitakiwa kuwasilisha madai yao, na ardhi ambayo haikuthibitishwa kuwa na mwenyewe ilihesabiwa kuwa ya serikali. Familia nyingi za Wamijikenda hazikuwasilisha madai. Ardhi walimozika wazee wao ikaandikwa kwa majina mengine, na wajukuu wakaitwa maskwota.

Ndiyo maana ripoti ya zamani inayotaja kijiji fulani kuwa kilikuwa mahali fulani mwaka fulani ina uzito. Sheria ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi inaeleza dhuluma za kihistoria za ardhi kuwa zile zilizotokea kati ya tarehe 15 Juni 1895 na 27 Agosti 2010. Kipindi hicho chote kina karatasi zake.

Hata hivyo, tahadhari mbili ni muhimu. Faili la hifadhi si hatimiliki, na halimpi mtu shamba. Pia, picha ya simu si sawa na nakala iliyothibitishwa na idara. Anayekusudia kutumia karatasi katika kesi au mbele ya tume aombe nakala iliyothibitishwa, aandike namba kamili ya faili na ya ukurasa, kisha apate ushauri wa wakili.

Yasiyopatikana Nairobi

Si kila karatasi iko Moi Avenue. Kabla ya uhuru mwaka 1963, Waingereza waliondoa mafaili mengi wakayapeleka kwao. Kesi iliyofunguliwa London na wazee wa Mau Mau waliodai fidia kwa mateso ndiyo iliyoifanya serikali ya Uingereza kukiri mwaka 2011 kwamba ilikuwa na mafaili ya makoloni 37 ya zamani, yakiwemo takriban 1,500 ya Kenya. Kuanzia mwaka 2012 yalianza kufunguliwa kwa umma katika hifadhi ya taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, chini ya alama FCO 141.

Karatasi za wamishonari wa CMS, waliofungua kituo Rabai katika miaka ya 1840, zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Hizo zinawafaa hasa wazao wa watumwa walioachwa huru Rabai na Frere Town. Na kwa kuwa ukanda wa Pwani ulikuwa chini ya Sultani, familia za Malindi na Takaungu zenye asili ya ng'ambo zinaweza pia kuuliza katika hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar.

Kama kuna siku ya ziada

Anayebaki Nairobi siku ya pili anaweza kwenda Nairobi Gallery, ofisi ya zamani ya Mkuu wa Mkoa iliyojengwa mwaka 1913, ambako vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa. Huko pia kuna sehemu ya mkusanyiko wa Murumbi. Murumbi mwenyewe alizikwa City Park, karibu na kaburi la rafiki yake Pio Gama Pinto.

Kurudi nyumbani

Sehemu ya pili ya safari iko hapa kaunti. Baada ya kusoma habari za Kaya Fungo, msafiri anaweza kwenda kuiona, lakini kwa idhini ya wazee wa kaya na kwa kufuata masharti yao ya mavazi na mwenendo. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na mji wa kale wa Gede mwaka 2024. Rabai nako kuna makumbusho katika kanisa la zamani la wamishonari.

Msafiri anashauriwa kuandika kwa lugha nyepesi alichokipata na namba za mafaili, awasomee wazee, aongeze maelezo yao, na aache nakala katika shule au maktaba iliyo karibu. Mwingine wa kijiji hicho hatalazimika kuanza upya.

Nauli ya Nairobi inaweza kungoja mwezi ujao. Kinachoweza kuanza wiki hii ni kuketi na mzee mmoja wa ukoo, kumuuliza majina, mahali na wakati, na kuyaandika kabla hayajasahaulika.